Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Kwa Nini Shinikizo Ndani ya Fuvu Halina Budi Kupimwa

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huu kwa kawaida hutumiwa kumwonya mtu juu ya rafiki mnafiki, lakini unafaa pia kueleza kundi la maradhi ambamo mdhuru mkubwa si kijidudu kilichotoka nje, bali ni kinga ya mwili yenyewe. Kinga hiyo kazi yake ni kumlinda mtu. Hata hivyo, inaposhambulia mahali pasipostahili, au inaposhambulia kwa nguvu kupita kiasi, huleta mchochota, yaani hali ya sehemu ya mwili kuwaka joto, kuvimba na kuuma. Mchochota ukitokea katika goti, mgonjwa huchechemea. Ukitokea ndani ya fuvu la kichwa, mgonjwa aweza kupofuka au kufa, maana humo hamna nafasi ya kuvimbia.

Makala hii inatetea hoja moja. Mgonjwa mwenye maumivu ya kichwa yasiyokoma, anayetapika, ambaye macho yake yanaona ukungu au yanaona kitu kimoja kuwa viwili, asiachwe kutibiwa kwa kubahatisha siku baada ya siku. Apimwe shinikizo lililomo ndani ya fuvu lake, na maji ya uti wake wa mgongo yachunguzwe. Sababu ya kusisitiza jambo hili ni kwamba maradhi yanayopandisha shinikizo hilo ni mengi, sura zao kwa nje zinafanana, na dawa inayomwokoa mgonjwa wa maradhi haya yaweza kumdhuru mgonjwa wa maradhi yale.

Sanduku lisilotanuka

Fuvu la mtu mzima ni sanduku la mfupa. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo, ambao huchukua kiasi cha asilimia 80 ya nafasi yote, damu iliyomo katika mishipa, na maji maangavu yanayouzunguka ubongo na kuteremka hadi kwenye uti wa mgongo. Maji hayo kwa jumla hufikia kiasi cha mililita 150 tu, lakini mwili hutengeneza kiasi cha mililita 500 kila siku. Maana yake ni kwamba maji yote hubadilishwa mara tatu au zaidi katika siku moja. Yanayotengenezwa lazima yapate njia ya kutokea, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni vijitundu vidogo mno vinavyoyapeleka katika mishipa mikubwa inayorudisha damu kutoka kichwani.

Mwaka 1783 Alexander Monro, mwalimu wa tiba katika mji wa Edinburgh, alieleza jinsi fuvu lisivyotanuka, na mwaka 1824 George Kellie aliithibitisha hoja hiyo. Kutokana na kazi yao tumepata kanuni inayofundishwa hadi leo: kitu kimoja kati ya vile vitatu kikiongezeka, sharti kingine kipungue, kisipoweza kupungua, shinikizo hupanda.

Shinikizo hilo hupimwa kwa sentimita za maji, mgonjwa akiwa amelala ubavu. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida aghalabu hakizidi sentimita 20, na kikipita 25 kimevuka mpaka wa usalama. Shinikizo likizidi kupanda, damu hushindwa kuufikia ubongo kama ipasavyo. Tena, mshipa wa fahamu unaotoka katika jicho umefunikwa na ala iliyoungana na tando za ubongo, na maji yale yale ya ubongo hupita ndani ya ala hiyo. Kwa hiyo shinikizo la kichwani huukaba mshipa wa jicho. Ukikabwa kwa muda mrefu, hufa, na ukishakufa hakuna dawa ya kuufufua.

Jinsi njia inavyozibwa

Kinga ya mwili yaweza kuiziba njia ya maji kwa namna mbalimbali. Katika ugonjwa wa lupasi, ambao huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa, kinga hutengeneza silaha dhidi ya chembe za mwili wenyewe. Baadhi ya wagonjwa hao huwa na kingamwili zinazofanya damu igande upesi. Donge la damu likikaa katika mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani, maji ya ubongo nayo hukosa pa kutokea. Jambo kama hilo huonekana pia katika ugonjwa uliopewa jina la Hulusi Behçet, daktari wa Istanbul aliyeueleza mwaka 1937, ambao dalili zake mashuhuri ni vidonda vya mdomoni na vya sehemu za siri pamoja na mchochota wa macho.

Katika kifua kikuu cha tando za ubongo, kijidudu ndicho kilichoanzisha ugomvi, lakini sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na kinga. Chembe nyeupe hukusanyika chini ya ubongo na kutengeneza utando mzito kama uji ulioganda. Utando huo huziba mapito ya maji na kuibana mishipa ya damu. Maji hujikusanya katika vyumba vya ndani ya ubongo, navyo hutanuka na kuugandamiza ubongo kwenye mfupa.

Kuna ugonjwa mwingine ambao kwa nje hauna tofauti, ilhali asili yake ni kinyume kabisa. Huo ni homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu iitwayo kriptokokasi, ambayo hupatikana katika udongo na kinyesi cha njiwa. Ugonjwa huu huwapata hasa watu ambao kinga yao imedhoofishwa sana na VVU. Hapa mchochota ni mdogo, kwa kuwa askari wa kuuleta hawapo. Kuvu huongezeka bila kizuizi, na ute wake mzito huziba vile vijitundu vya kutolea maji. Shinikizo laweza kupita sentimita 40 au 50.

Wagonjwa wote hao, wakifika hospitalini, hulalamikia jambo moja: kichwa kinauma na macho hayaoni vizuri. Mganga asiyekuwa na kipimo atawezaje kuwatenganisha?

Dawa moja, matokeo mbalimbali

Dawa inayokimbiliwa kwanza pale mchochota unaposhukiwa ni steroidi, kama vile deksamethasoni na prednisoloni. Dawa hizi huituliza kinga, bei yake ni nafuu, na zinapatikana karibu kila mahali. Hizo ndizo sifa zake, na ndizo pia zinazozifanya ziwe za hatari mikononi mwa mwenye haraka. Hebu tuangalie ushahidi.

Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Vietnam kwa wagonjwa 545 wa kifua kikuu cha tando za ubongo. Waliopewa deksamethasoni pamoja na dawa za kifua kikuu walikufa asilimia 32 hivi, na wale ambao hawakupewa walikufa asilimia 41 hivi. Kutokana na utafiti huo, steroidi zimekuwa sehemu ya tiba ya ugonjwa huo. Lakini mwaka 2023 ulitangazwa utafiti mwingine, wa Vietnam na Indonesia, uliowahusu wagonjwa 520 wa maradhi hayo hayo wenye VVU. Safari hii haikuthibitika kwamba dawa ile ilipunguza vifo. Ugonjwa ni uleule, dawa ni ileile. Kilichotofautiana ni hali ya kinga ya mgonjwa.

Na kwa wagonjwa wa kriptokokasi je? Watafiti walilipima swali hilo katika nchi za Asia na Afrika, Uganda na Malawi zikiwamo, wakatangaza matokeo mwaka 2016. Ilibidi utafiti usimamishwe kabla ya wakati wake, wagonjwa 451 wakiwa wamekwisha kuandikishwa, kwa sababu waliopewa deksamethasoni walipata ulemavu zaidi, na kuvu ilichelewa kutoweka katika maji ya uti wao wa mgongo. Kuituliza kinga ambayo tayari imelala ni kumfungulia adui mlango.

Hata kwa wagonjwa wa lupasi, ambao wengi wao wanazihitaji steroidi, mambo si mepesi. Mwenye donge la damu katika mshipa wa kichwani anahitaji pia dawa ya kuzuia damu isigande. Na mgonjwa aliyezitumia steroidi kwa muda mrefu kisha akaziacha ghafla, huenda shinikizo la kichwani likapanda kwa sababu hiyo hiyo ya kuziacha. Kwa hiyo, maumivu ya kichwa ya mgonjwa wa namna hii yasichukuliwe kuwa ni uchovu, wala yasihesabiwe moja kwa moja kuwa ni lupasi imezidi.

Kinga inaporejea

Fumbo kubwa kuliko yote ni lile la mgonjwa aliyeanza kupona. Mtu mwenye VVU ametibiwa kriptokokasi na ameanza dawa za kufubaza virusi. Chembe za kinga zinaongezeka. Baada ya wiki kadhaa, au miezi kadhaa, maumivu ya kichwa yanarudi na shinikizo linapanda tena. Yawezekana kuvu imefufuka, pengine kwa kuwa mgonjwa aliacha kumeza dawa au kwa kuwa dawa imeshindwa. Lakini yawezekana vilevile kwamba kuvu imekwisha kufa, na kinga iliyorejea inapigana na mabaki yake kwa hasira ya askari aliyechelewa vitani. Mgonjwa wa kwanza anahitaji dawa kali za kuua kuvu. Mgonjwa wa pili aweza kuhitaji steroidi, ambazo tumeona jinsi zinavyomdhuru mwenye kuvu hai. Macho ya mganga hayawezi kuwatambua wawili hawa. Njia ya kuwatambua ni kuyatoa maji ya uti wa mgongo, kuyapima shinikizo, na kujaribu kuiotesha kuvu katika maabara ili kuona kama bado i hai.

Jambo hili si la nadharia. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Uganda na Afrika ya Kusini kwa wagonjwa 177 wa kriptokokasi. Nusu yao walianzishiwa dawa za VVU mapema, ndani ya wiki mbili za kwanza, na nusu walisubirishwa hadi wiki ya tano hivi. Hadi kufikia wiki ya 26, waliowahishwa walikuwa wamekufa asilimia 45, na waliosubirishwa asilimia 30. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao maji ya uti wao wa mgongo yalikuwa na chembe nyeupe chache mno. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za VVU zisubiri wiki nne hadi sita baada ya tiba ya kriptokokasi kuanza. Hapa pana funzo zito: hata baraka ya kinga kurejea ina wakati wake, na anayeanzisha dawa za VVU bila kuyachunguza maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa anayeumwa kichwa hajui anaamsha nini.

Sindano inayoogopwa

Kuna kikwazo ambacho hakitokani na uhaba wa vifaa. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki watu wanaamini kwamba sindano ya mgongo huua au hupoozesha. Ndugu wa mgonjwa hukataa, na mgonjwa hubaki na shinikizo lake. Ni kosa kuwacheka watu hao. Imani yao imetokana na waliyoyaona kwa macho: mgonjwa alichomwa sindano, na kesho yake akafa. Wasichoambiwa ni kwamba mara nyingi sindano hiyo huachwa hadi mwisho, mgonjwa akiwa amekwisha kupoteza fahamu. Si sindano iliyomuua, bali ni kuchelewa kwake.

Ukweli wa maumbile ni huu. Uti wa fahamu wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, mahali ambapo mna maji na nyuzi za fahamu zinazoelea. Mganga aliyefunzwa, akiichoma mahali panapostahili, haugusi uti wenyewe. Baada ya sindano wengine huumwa kichwa kwa siku chache, nayo hali hiyo kwa kawaida hupita.

Kazi hii si ngeni. Heinrich Quincke, daktari wa Kiel nchini Ujerumani, aliieleza mwaka 1891, na tangu mwanzo nia yake ilikuwa kulipunguza shinikizo kichwani. Yaani sindano hii ilizaliwa ikiwa tiba, kisha ikawa pia njia ya uchunguzi. Siku hizi tumeisahau nusu ya kwanza. Katika uchunguzi wa wagonjwa 248 wa kriptokokasi uliotangazwa mwaka 2014, uliofanyika sehemu kubwa nchini Uganda, wale waliopunguziwa maji walau mara moja zaidi katika siku za mwanzo walikufa asilimia 7, na wale ambao hawakupunguziwa walikufa asilimia 18. Haukuwa utafiti wa kuwagawa wagonjwa kwa kura, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba tofauti yote ililetwa na sindano. Lakini mganga anayeyapuuza matokeo hayo anajitwisha mzigo mkubwa wa kujieleza.

Haki inadai tuseme pia kwamba sindano hii ina mipaka. Mgonjwa aliyepooza upande mmoja, anayeanza kupatwa na degedege, au ambaye fahamu zake zinazidi kupotea, huenda ana uvimbe au jipu ndani ya ubongo. Kuyatoa maji chini ilhali juu mna kitu kinachosukuma kwaweza kuuteremsha ubongo na kuubana shingoni mwa fuvu. Mgonjwa kama huyo apigwe kwanza picha ya kichwa panapowezekana, na uamuzi uwe wa daktari mzoefu. Hadhari hii haina maana kwamba wagonjwa wengine wote wanyimwe kipimo.

Jicho ni dirisha

Palipo na shaka, jicho laweza kutoa ushahidi wa mwanzo. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz alieleza chombo kidogo cha kumulika na kutazama ndani ya jicho. Kwa chombo hicho mganga anaweza kukiona kichwa cha mshipa wa fahamu wa jicho. Shinikizo la fuvuni likiwa limepanda kwa muda, kichwa hicho huonekana kimevimba na kingo zake hazionekani wazi. Chombo hicho hakihitaji maabara, na kinaingia katika mfuko wa koti. Kutokionea uvimbe jicho si hakikisho kwamba shinikizo ni la kawaida, lakini kuuona ni onyo lisilovumilia kusubiri.

Ni maoni yangu kwamba mwanafunzi wa utabibu asihitimu kabla ya kukitumia chombo hiki mara nyingi kiasi cha kukizoea. Na mgonjwa yeyote wa lupasi, au wa maradhi mengine ya kinga, anayelalamikia kichwa au macho, atazamwe ndani ya jicho siku hiyo hiyo.

Yatupasayo kutenda

Najua watakaopinga. Watasema wagonjwa ni wengi, waganga ni wachache, na manometa ya kupimia shinikizo haipo. Juu ya hilo la mwisho jibu ni rahisi. Pale ambapo manometa haipo, waganga wa Afrika wamekuwa wakiunganisha mpira safi wa dripu na sindano, wakausimamisha wima, na kusoma kimo cha maji kwa utepe wa kupimia. Kipimo hicho si kamilifu, lakini ni bora mara nyingi kuliko kukisia.

Wengine watasema kwamba kusubiri vipimo kutachelewesha tiba. Hatusemi tiba icheleweshwe. Mgonjwa aliye mahututi ambaye anashukiwa kuwa na kifua kikuu cha tando za ubongo aanze dawa mara moja. Tunachosema ni kwamba sindano yenyewe huchukua muda mfupi, na kwamba dawa iliyoanzishwa kwa dharura isiachwe iendelee kwa mazoea, bila mtu kuuliza tena kama ilikuwa ndiyo. Aidha, waganga wetu wanaiweza kazi hii. Katika utafiti mkubwa wa tiba ya kriptokokasi uliotangazwa mwaka 2018, Tanzania ilishiriki pamoja na Malawi, Zambia na Kameruni, na wagonjwa walitolewa maji ya uti wa mgongo si mara moja tu, katika hospitali za kawaida za umma. Kinachowezekana wakati wa utafiti kinashindikanaje utafiti ukiisha?

Basi na tuyatende mambo manne. La kwanza, kila hospitali ya wilaya iwe na sindano zinazofaa, manometa au mpira na utepe, na chombo cha kutazama jicho. Na shinikizo liandikwe katika cheti cha mgonjwa kama linavyoandikwa joto la mwili. La pili, mgonjwa wa kriptokokasi ambaye shinikizo lake limezidi sentimita 25 apunguziwe maji, na arudiwe kila siku hadi litulie. La tatu, steroidi zitolewe kwa sababu iliyoandikwa, na mgonjwa aelezwe kwamba asiziache ghafla. La nne, ndugu wa mgonjwa waelezwe kwa lugha wanayoielewa, kabla ya sindano na wala si baada ya kifo, sindano inaingia wapi na kwa nini.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Kichwa kinachouma kwa siku nyingi mfululizo, kinachozidi mtu anapolala au anapokohoa, kikiambatana na kutapika au na macho kufifia, si cha kununuliwa vidonge dukani wiki baada ya wiki. Na ukiwa umeketi kando ya kitanda cha ndugu yako, daktari akaomba ruhusa ya kutoa maji ya mgongo, usimwulize tu kama sindano hiyo ina hatari. Mwulize pia hatari ya kutoifanya. Swali hilo la pili ndilo lisiloulizwa, na ndilo lililowapofusha na kuwaua wengi ambao maradhi yao yalikuwa na dawa.